Likasi: Windows ama Linux? Ubishi wa ordinateri wakati umeme unakatika

LIKASI, Haut-Katanga – Wapenzi wa TP Mazembe na wa Saint-Éloi Lupopo wanajua namna ubishi unavyoanza kwa neno moja asubuhi na kumalizika usiku. Mjini Likasi kuna ubishi mwingine wa aina hiyo, na huu hauhusu mpira. Unahusu ordinateri. Upande mmoja wako watu wa Windows, ambao ndio wengi. Upande mwingine wako watu wa Linux, wachache lakini wenye sauti, hasa wanafunzi wa informatiki na mafundi. Pembeni wako watu wa Mac, ambao hukutwa zaidi kwenye studio za muziki na za video. Kila kundi linaapa kwamba mashini yake ndiyo haimwangushi mwenyewe.

Kwa miaka mingi ubishi huo ulikuwa wa kupitisha wakati tu. Sasa umeingia mfukoni. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani imeacha kuihudumia Windows 10, programu iliyotoka mwaka 2015 na ambayo bado iko kwenye mashini nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika. Mwenye duka la kuandika na kufotokopi, mwalimu anayeandika maswali ya mitihani, mwanafunzi anayemaliza kazi yake ya mwisho wa masomo: wote wanajiuliza kama watanunua mashini mpya, kama watabaki na ile ya zamani, ama kama watahamia upande wa pili.

Tarehe iliyobadilisha hesabu

Kuacha kuihudumia Windows 10 hakumaanishi kwamba ordinateri ilizimika siku ile. Inawaka kama kawaida, inaandika, inachapa. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama. Wezi wa mitandaoni wakigundua tundu jipya ndani ya Windows 10, Microsoft haina tena deni la kuliziba kwa kila mtu. Mambo ya namna hiyo yalishatokea: Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 ikaachwa tarehe 14 Januari 2020.

Wengi wangesema basi tuhamie Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Hapo ndipo shida inaanza. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, RAM ya giga 4 kwa uchache, nafasi ya giga 64 kwenye diski, na prosesa ambayo haijazeeka. Kwa zile za Intel, karibu zote zinazokubaliwa ni za kizazi cha 8 na kuendelea, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Ordinateri nyingi zinazofika Katanga kutoka Ulaya, Dubai ama Afrika Kusini zikiwa zimetumika ni za kabla ya hapo. Ni nzima, zina nguvu ya kutosha kwa kazi ya biro, lakini Windows 11 inazifungia mlango.

Microsoft ilifungua njia ya katikati. Mtu mwenye Windows 10 ya toleo la 22H2 anaweza kujiandikisha ili apate marekebisho ya usalama mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Anaweza kulipa dola 30, ama kupata bila kulipa kama anakubali kuhifadhi mipangilio ya mashini yake kwenye akaunti ya Microsoft. Ni nafuu ya muda. Mwaka ukiisha, swali linarudi palepale.

Watu wa Linux wanaona kwamba wakati wao umefika. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Yeyote anaweza kuichukua bure, kuigawa na kuibadilisha. Kuna aina zake nyingi. Inayojulikana zaidi kwetu ni Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji maelezo marefu kwa Mkatanga: ni utu, kile ambacho kwa Kiluba kinaitwa bumuntu. Hadi mwaka 2011, waliokuwa nyuma ya Ubuntu walikuwa wanatuma CD zake bure kwa posta hadi kwenye nchi za mbali. Leo mtu anaipakua mara moja, anaiweka kwenye flashi, kisha anaweza kuhudumia ordinateri kumi kwa flashi ile moja.

Adui wa kwanza hana chapa

Lakini kabla ya kuuliza ni programu gani inayoaminika, tuangalie kwanza kinachoua ordinateri hapa kwetu. Jibu linajulikana na kila fundi: ni umeme.

Si kwamba Likasi iko mbali na umeme. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Kituo cha Koni, kwenye mto ule ule, kilifuata mwaka 1950. Mwaka 1982 ikawashwa laini kubwa inayoleta umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, safari ya kilomita karibu 1,700. Mitambo ya Mwadingusha ilirekebishwa, na mwaka 2021 yote sita ilikuwa imerudi kwenye mtandao wa SNEL na uwezo wa megawati zipatazo 78. Hata hivyo mahitaji ya migodi ni makubwa kuliko umeme uliopo, na wakaaji wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru wanaendelea kuhesabu saa za delestaji.

Umeme ukikatika ghafla, kinachopotea kwanza ni kazi ambayo haikuhifadhiwa. Hapo Windows na Linux ziko sawa. Zote mbili zina namna ya kuandika kwenye daftari la siri mabadiliko ya diski kabla ya kuyafanya, ili mashini ikizimika katikati, ikiwaka tena ijue ilifika wapi. Daftari hilo linalinda mpangilio wa diski. Haliwezi kurudisha kurasa ulizoandika bila kuzihifadhi.

Hatari kubwa zaidi huja wakati umeme unarudi. Nguvu yake hupanda na kushuka kwa nukta chache, na kisanduku kinacholisha mashini umeme ndicho kinachopigwa kwanza. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka nazo huumia zinapozimwa mara kwa mara zikiwa zinaandika. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, radi inaongezeka kwenye hesabu hiyo. Wakati wa ukavu, vumbi linaingia, feni inaziba, na prosesa inapata joto hadi mashini inajizima yenyewe. Mwenye Windows hapo anailaumu Windows, mwenye Linux anailaumu Linux, na kumbe ni feni.

Ndiyo maana katika maduka mengi ya kuandika, swali la kwanza lingekuwa juu ya stabilizateri na onduleri, kisha ndipo tuongee juu ya programu. Ordinateri ya kubeba yenye batri nzima tayari ina onduleri ndani yake. Ile ya mezani haina. Duka lenye ordinateri ya mezani bila onduleri linaweza kupoteza siku nzima ya kazi ya wateja kwa mkato mmoja wa umeme, hata kama kuna Linux ya mwisho kabisa ndani yake.

Flashi inayozunguka mji

Adui wa pili ni virusi, na hapa programu ina uzito wake. Kwa sababu mega ni ghali, sisi hatutumiani mafaili makubwa kwa intaneti: tunabeba flashi. Flashi moja inatoka nyumbani, inaingia kwenye ordinateri ya chuo kikuu, inakwenda kwenye duka la kufotokopi, kisha inarudi nyumbani. Kila mtu anajua ile siku mafaili yote yanageuka vialama vidogo visivyofunguka.

Virusi hivyo karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa sababu ndiko waliko watu wengi. Vilipata nafasi kubwa wakati Windows ya zamani ilikuwa inafungua yenyewe kila flashi inayochomekwa. Virusi vya Conficker, vilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2008, vilipitia pia njia hiyo. Microsoft iliondoa tabia hiyo kwenye Windows 7, na mwaka 2011 ikatuma marekebisho kwa XP na Vista. Aliyekuwa hana intaneti ya kupokea marekebisho alibaki na mlango wazi.

Hapo watu wa Linux wana hoja. Virusi vya Windows havifanyi kazi ndani ya Linux bila kusaidiwa. Mafundi wengi hutumia flashi yenye Ubuntu kuwasha mashini iliyokufa, kuokoa mafaili ya mteja, kisha kuirudishia Windows. Lakini hakuna ukweli katika msemo kwamba Linux haina virusi kabisa. Vipo, na vingi vinalenga seva za makampuni. Na mtu anaweza kubeba virusi kwenye flashi kupitia Linux bila kujua, akavikabidhi kwa jirani mwenye Windows.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi hawapendi kulisema kwa sauti. Windows nyingi mjini hazina leseni. Zimefunguliwa kwa programu ndogo zilizopakuliwa kusikojulikana, na mara nyingi programu hizo ndizo zinazoleta virusi. Mtu anazima antivirusi ili programu hiyo ipite, kisha anashangaa mashini inakuwa nzito. Katika hali kama hiyo si haki kulinganisha Windows iliyovunjwa kufuli na Linux safi, kisha kutangaza mshindi.

Kila kundi na siku yake mbaya

Wanaobishana hupenda kukumbuka makosa ya upande wa pili. Tuyaweke yote mezani.

Mei 2017, shambulio la WannaCry lilifunga mafaili ya ordinateri zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai pesa. Hospitali za Uingereza zililazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Mashini zilizopigwa zilikuwa za Windows. Lakini Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya tundu hilo tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuyaweka.

Tarehe 19 Julai 2024, ordinateri zipatazo milioni 8.5 za Windows zilipata skrini ya buluu duniani kote kwa wakati mmoja. Ndege zilibaki chini, benki na hospitali zikakwama. Watu wa Linux walicheka sana. Kosa lakini lilitoka kwa kampuni nyingine, CrowdStrike, iliyotuma faili mbovu kwa programu yake ya usalama. Miezi michache kabla, programu ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeangusha pia mashini za Linux.

Linux nayo ilikuwa na jasho lake. Machi 2024, iligundulika kwamba mtu aliyejificha chini ya jina la bandia alikuwa ameingiza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa karibu na kila Linux. Alikuwa amejenga imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili. Aliyemgundua ni Andres Freund, aliyeona kwamba mashini yake inachelewa kwa nusu sekunde wakati wa kuingia. Freund alikuwa mfanyakazi wa Microsoft. Wenye kupenda ubishi wakumbuke hilo: mtu wa nyumba ya Windows ndiye aliyeiokoa Linux.

Na Mac? Wenyewe wanasema haziguswi na virusi. Mwaka 2012, virusi vya Flashback viliingia kwenye Mac zipatazo 600,000. Kwa kazi ya muziki na video, Mac ni mashini nzuri, na zile za tangu mwisho wa 2020 zenye prosesa ya Apple yenyewe zinakaa na batri saa nyingi, jambo zuri sana penye delestaji. Tatizo la Likasi ni matengenezo. Katika nyingi za sasa, RAM na diski vimegandishwa kwenye kadi mama. Kikifa kimoja, fundi wa hapa hana cha kubadilisha, na gharama inakaribia bei ya mashini nyingine.

Kwa nini wengi hawahami

Kama Linux ni ya bure na inaishi vizuri kwenye mashini za zamani, kwa nini mji mzima haujahama?

Sababu ya kwanza ni kazi. Mwanafunzi wa ufundi anayechora kwa AutoCAD hana AutoCAD ya Linux. Mhasibu anayetumia programu ya Sage iliyozoeleka katika nchi za OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, anahitaji Windows. Migodi inayotoa kazi inadai watu wanaojua Excel. Kijana akiulizwa kwenye mtihani wa kazi, hataambiwa afungue LibreOffice.

Sababu ya pili ni kurasa. Kazi ya mwisho wa masomo iliyoandikwa kwa LibreOffice, ikifunguliwa kwa Word kwenye duka la kuchapa, inaweza kusogeza jedwali, kubadilisha herufi na kuharibu hesabu ya kurasa. Mwanafunzi aliyelipia kurasa 80 hana hamu ya falsafa ya uhuru wa programu wakati ule. Dawa yake ni rahisi: kupeleka faili la PDF kwa mchapaji. Lakini profesa anayesahihisha anataka faili la Word, na hapo ubishi unaanza upya.

Sababu ya tatu ni jirani. Mashini ya Windows ikisumbua, karibu kila mtaa una mtu wa kuitazama. Ya Linux ikigoma kutambua mashini ya kuchapa, unaweza kutembea mbali kabla ya kupata anayejua.

Hata miji tajiri imeonja jambo hilo. Munich, Ujerumani, uliamua kuhamia Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia 2013 ordinateri zipatazo 15,000 za ofisi za mji zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Kinyume chake, Gendarmerie ya Ufaransa ilianza safari ya Ubuntu mwaka 2008 na bado iko humo na makumi ya maelfu ya mashini. Gendarmerie ilianza polepole: kwanza programu ya kuandikia, kisha ya kuingilia intaneti, na mwisho mashini nzima.

Na kuna jambo ambalo linafaa kuwapoza wabishi. Simu za Android, ambazo ziko mikononi mwa wakaaji wengi wa Likasi, zimejengwa juu ya Linux. Ordinateri kubwa 500 za kwanza duniani zote zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Anayeicheka Linux kwenye WhatsApp mara nyingi anaicheka akiwa ndani yake.

Kiswahili nacho kilifaidika

Ubishi huu umewahi kuleta faida kwa lugha yetu. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya biro ya bure iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikaleta Kiswahili kwenye Office yake. Maneno kama faili, hariri na hifadhi yalipata nafasi kwenye skrini. Huku Katanga, ambako ordinateri inazungumza Kifaransa na kibodi ni ya AZERTY, wengi hawajui hata leo kwamba wanaweza kuitumia mashini yao kwa Kiswahili.

Kabla ya kuamua

Ndugu msomaji, kama una Windows 10, usiuze mashini kwa hofu. Angalia kwanza prosesa na RAM yake. Kama inaweza kupokea Windows 11, ihamishe siku una intaneti ya kutosha. Kama haiwezi na kazi yako inadai programu za Windows, jiandikishe kupata marekebisho hadi Oktoba 2026 na uanze kuweka akiba. Kama kazi yako ni kuandika, kusoma, kutazama video na kuingia intaneti, jaribu Linux Mint, Xubuntu ama Lubuntu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mashini ikitambua Wi-Fi, sauti na kichapishi chako, ndipo ufikirie kuhama.

Kwa wanaonunua: ordinateri yenye prosesa ya kizazi cha 7 haipaswi kuuzwa bei moja na ya kizazi cha 8. Uliza namba hiyo kabla ya kutoa dola, kwa sababu muuzaji anaijua. Na ikiwa diski bado ni ile ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD kunaongeza mwendo kuliko kubadilisha programu.

Kwa wote, wa Windows, wa Linux na wa Mac: Word huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10 kama hukubadilisha. Ingia kwenye mipangilio uweke dakika 1 ama 2. LibreOffice nayo ina mpangilio huo. Weka nakala ya kazi yako mahali pawili, moja nje ya ordinateri, na isiwe kwenye ile flashi inayozunguka mji. Chomoa mashini radi inapoanza. Delestaji haiulizi uko kundi gani.